Bunge Jikoni kwa Emérance

Jumapili baada ya kanisa, jiko la Emérance pale Fairfield, Australia, hunukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Siku hiyo mdogo wake, Léonie, alikuwa akitwanga vitunguu saumu. Binti wa Emérance, Divine, alisimama katikati kama mbunge. Shuleni wangeigiza mabishano ya zamani ya Bunge la Uingereza kuhusu kukomesha utumwa. Maskini Divine! Alipewa upande wa kuutetea utumwa.

"Mheshimiwa Spika!" alipaza sauti. "Watumwa wetu wanakula, wanalala vizuri. Tukiwaachia, watakwenda wapi?"

Léonie akaangua kicheko, akamgeukia dada yake. "Yaya, ule ni bosi yangu kabisa!"

Wote wakacheka. Kisha Emérance akaweka mwiko chini.

Léonie alimtunza bibi mmoja mgonjwa, akilala hukohuko kazini. Alitamani sana kuacha kazi ile. Lakini bosi, mtoto wa yule bibi, alikuwa ameifungia pasipoti yake kabatini. Kila akiomba kuondoka, bosi alimtisha: "Bila pasipoti utakwenda wapi? Nitaita polisi."

Jirani yao Gloriose, Mrundi anayewasaidia wahamiaji wapya, alikuwa amekuja kula. Aliposikia Léonie akieleza hayo, aliweka sahani chini.

"Léonie, maneno hayo ni ya zamani sana. Wabunge wale walibishana miaka na miaka. Mswada ulishindwa, ukarudishwa, ukashindwa tena. Mwaka 1807 wakapiga marufuku biashara ya watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa wenyewe ikapita mwaka 1833."

"Lakini mie si mtumwa," Léonie alisema. "Sina minyororo. Na kanisani si tunajiita watumwa wa Bwana? Nilizani kuvumilia ni ibada."

"Bwana hajakufungia pasipoti," Gloriose akajibu. "Hapa Australia, kumfanyisha mtu kazi kwa vitisho ni kosa, hata bila minyororo."

Emérance alishika kiuno. "Lakini mnyonge hana haki, Mama Gloriose."

"Hapa anayo, akiidai. Usigombane na bosi, Léonie. Kesho twende kwa lawyer, Parramatta. Ni free, hulipi kitu."

Wakaenda. Mwanasheria alimsikiliza Léonie vizuri, kisha akampigia bosi simu. Léonie alihamia kwa dada yake, na wiki iliyofuata mwanasheria akamwita kuchukua pasipoti yake, ambayo bosi alikuwa ameirudisha. Emérance alimsindikiza.

Walipofika stesheni ya Parramatta ili warudi nyumbani, Emérance alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Hakujali hata kidogo.

"Treni yetu hiyo, twende!"

"Ngoja, Yaya." Léonie aliketi kwenye benchi, pasipoti mkononi. "Leo saa ya kuondoka nachagua mie mwenyewe."

Treni ikafika, ikaondoka. Ikaja nyingine, nayo ikaondoka. Léonie alikuwa bado ameketi palepale, anacheka.