Mtutu Uliogoma Kushika Dawa

Haya yalimkuta rafiki yangu Nurettin, fundi wa bunduki kule Konya. Vedat, mfanyabiashara wa ng'ombe, alimletea bunduki yake ya kuwindia, mtutu umechujuka na kuchubuka. Alitaka urudishiwe weusi wake, aifyatue kwenye harusi yake.

"Na yule mkeo wa kwanza, na mtoto?" Nurettin aliuliza.

"Karudi naye kwao. Alinichosha kwa vilio," Vedat akacheka. "Wewe shughulika na chuma, fundi. Wanawake niachie mwenyewe."

Nurettin aliusugua mtutu mpaka ukawa mweupe. Akavaa glavu, maana mafuta ya kidole yakigusa chuma, dawa ya kukitia weusi haishiki. Akaupaka dawa, akautundika ndani ya kabati lenye mvuke ili dawa ifanye kazi, akafunga kwa ufunguo.

Alasiri umeme ukakatika. Katika giza la karakana isiyo na dirisha akasikia kitu kikiteleza juu ya chuma mle kabatini, taratibu, kama kiganja chenye jasho. Alipofungua na kumulika kwa tochi, karibu na mdomo wa mtutu dawa ilikuwa imeacha baka jeupe lenye umbo la mkono. Vidole viliuzunguka kutokea mbele, kama vya mtu anayeusukuma usimwelekee.

"Futa, anza upya," Vedat aliamuru alipofika kuichukua bunduki, akiangalia ukutani. "Wageni wangu wako njiani."

Nurettin akafuta, akapaka, akafunga. Mle ndani kitu kikateleza tena.

Safari hii mikono ilikuwa miwili, na ule wa chini ulikuwa mdogo, wa mtoto anayejifunza kutembea.