Saa Inayosoma Mkono

Sostenes ni dalali wa alimasi hapa Maganzo. Asubuhi hunywa chai ya maziwa, kisha huweka meza yake kando ya barabara na kungoja wachimbaji. Kazi yake inataka mkono uliotulia. Hubana jiwe kwa kibanio, hulitazama kwa lenzi, hutaja bei.

Ugonjwa wa Parkinson ulipoanza kuutikisa mkono wake, watu walinong'ona. Kwetu dalali anayetetemeka huhesabiwa mwongo. Wateja wakahamia meza nyingine.

Mwaka jana alipasuliwa katika hospitali kubwa. Madaktari walimwekea nyaya nyembamba kwenye ubongo, na betri kifuani chini ya ngozi. Betri hiyo hupeleka umeme mdogo wa kutuliza mtetemo. Alipewa pia saa ya mkononi inayopima mkono unavyocheza, ili daktari ajue umeme uongezwe au upunguzwe.

Nyumbani mkono ulitulia. Mezani ulitetemeka vilevile.

"Umeme wako unafanya kazi jikoni tu," mkewe Martina alimtania.

Sostenes hakucheka. Aliogopa sana. Bila ile meza, angekuwa nani?

Wakaenda kliniki, Shinyanga mjini. Nesi Epifania alimpokea.

"Shikamoo, Baba Wema."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nesi aliunganisha saa na kompyuta, akaangalia kwa makini. "Jioni unaonekana umetulia vizuri. Lakini mchana wote hakuna habari yoyote. Huwa unaivua?"

Sostenes alitazama mlango. "Naivua nikienda kazini. Hii ni mashine, mayu. Itasema jiwe nimelipata wapi."

"Kumbe siri za mawe unamficha hata daktari," Martina alisema.

Nesi alielewa. Maganzo mtu hamwambii hata shemeji yake jiwe limetoka shimo lipi.

"Saa hii haijui shimo wala jiwe," alisema. "Inapima mtikisiko tu, kasi yake na nguvu yake. Ukiivua, daktari anamwona Sostenes aliyejipumzisha nyumbani, na umeme anaupima kwa huyo. Yule wa mezani hajawahi kumwona."

"Basi niongezee hapa hapa."

"Hatuongezi kwa kubahatisha. Umeme ukizidi, ulimi unakuwa mzito, hata kutembea kunaharibika. Ivae kutwa mpaka kliniki ijayo. Na dawa umeze kama ulivyoandikiwa."

Akaivaa hata mezani. Wachimbaji waliikodolea macho ile saa, wengine wakaficha mawe mfukoni. Ikabidi awaeleze. Kwa mara ya kwanza alitaja ugonjwa wake mbele za watu.

"Kumbe unaumwa," alisema Edson, mchimbaji wa siku nyingi. "Sisi tulijua unatuibia."

Kliniki iliyofuata, daktari aliuona mkono wa mchana. Akaubadilisha umeme kidogo, akampangia siku ya kurudi apimwe tena. Mtetemo haukuisha kabisa, ila ulipungua sana. Sostenes alifurahi, akaanza tena kupiga mluzi njiani.

Juzi Edson alimletea jiwe. Sostenes alilibana kwa kibanio, akaliinua kwenye mwanga, akaligeuza taratibu. Halikudondoka. Akataja bei.

"Ndogo hiyo," Edson alisema.

"Lina ufa ndani. Chukua lenzi uone."

Edson hakuichukua lenzi. Alivuta kigoda, akakaa.

"Haya, tuzungumze," alisema.