Koti Lililokosa Kifungo cha Tatu

Mwaka wa hamsini na tano, Subira alipita sokoni Kasongo na beseni la mchele kichwani, hatazami chini, mguu wake ukanasa kwenye mguu wa kamera ya Atumani, mpiga picha wa hapo sokoni. Mchele wote ukamwagika. Kamera, sanduku la mbao lenye miguu mitatu, ikabaki imesimama, na hilo ndilo lililomuudhi Subira zaidi.

"Nitakupiga foto ya bure, mama," Atumani akasema.

"Mama yako iko kwenu. Miye naitwa Subira. Okota muchele."

Waliokota pamoja. Kitenge chake cha njano kilinukia karafuu. Mchele ulipokwisha, Atumani alikwisha kujua kwamba binti huyu anakaa kwa shangazi yake na mama yake yuko Wamaza, huko Kabambare. Baada ya mwezi alijua kwamba anampenda, akamwambia.

"Basi mama akuone kwanza," Subira akajibu. "Tuma foto yako."

Atumani alikuwa amepiga picha nusu ya mji, lakini yake mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na koti jeusi alilonunua kwa karani Mbelgiji aliyerudi kwao. Wateja walilivaa, mkulima kwa fundi, wakatoka kwenye picha wana heshima zao. Akalivaa naye, akaficha nyuma vidole vyake vilivyoingia weusi wa dawa ya picha, na muuza chumvi wa jirani akambonyezea kamera. Picha ikapanda kamio, lori la mizigo, kwenda Wamaza.

Wiki tatu baadaye Subira alikuja na bahasha iliyotoka kwa mama yake, hacheki. Ndani mlikuwa na picha tatu: ya Atumani, ya Kassimu, mjomba wake Subira, na ya Ramazani, jirani yao wa Wamaza, wote waliowahi kupigwa na Atumani hapo sokoni. Wote watatu walivaa koti moja, lililokosa kifungo cha tatu.

"Mama anauliza kama nitaolewa na hii koti."

"Kila mutu anaivaa, mupenzi."

"Miye nilikuomba foto yako. Weye iko nani?"

Swali lilimuuma. Miaka sita aliwapa watu sura waliyoitaka, akidhani ndiyo kazi yote. Subira akaondoka. Siku nne hakupita sokoni, na Atumani alimkosa hata akaunguza picha za harusi ya watu.

Siku ya tano alifika kwa shangazi na kamera begani, amevaa shati lake la kazi.

"Piga weye. Leo sivai kitu ya mutu."

"Sijui kupiga."

"Nitakuonyesha."

Alisimama uani, vidole vyeusi vimekunjuliwa mbele. Subira akainama nyuma ya sanduku, akakawia huko zaidi kuliko ilivyohitajika.

Picha ilipotoka kwenye dawa ilionyesha shati, mikono, vidole na shingo. Kichwa hakikuwamo.

"Umenikata kichwa. Tupige ingine."

Subira akaikausha kwa upindo wa kitenge, akaitia kwenye bahasha ya Wamaza.

"Hii inatosha. Kichwa utapeleka weye mwenyewe, na wazee wako, siku ya posa."