Kiti cha Herufi Kubwa

Naomba radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani. Nikisema mzuka, watu wanashika mbavu. Nikilia, wanapiga makofi. Hadithi ya jini inataka mtu mwenye sauti ya kaburini, na yangu ni ya debe lililoporomoka ngazini. Vumilieni.

Enzi za Mwingereza, kwenye misheni ndogo kando ya ziwa, upande wa Lundo, palikuwa na karani aitwaye Aloisi. Mpole kupita kiasi: ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Alipiga chapa masomo ya Injili ya Jumapili, na Padri alimpa amri moja. Mungu, herufi kubwa. Roho wa Mungu, herufi kubwa. Pepo, shetani na ukoo wao wote, ndogo.

"Herufi kubwa ni kiti, Aloisi. Usimpe asiyestahili."

Kwenye mashine yake ya kupigia chapa, ukitaka herufi kubwa unabonyeza kitufe, na gogo la mpira linaloshika karatasi linainuka kidogo, halafu linakaa. Basi siku moja, jua la utosi, Aloisi yuko peke yake anatafuna muhogo, gogo likainuka lenyewe. Likakaa. Likainuka tena. Kama mtu anayejaribu kiti.

Akasema ni panya. Panya gani mwenye kazi ya ofisi?

Kesho yake Padri akaingia na karatasi mkononi, masikio mekundu.

"Aloisi! Mapepo yote umeyavika kofia!"

"Si mimi, Baba."

"Ni nani basi, mimi?"

Padri akapanda pikipiki yake kwenda Mbinga, Aloisi akaanza upya kurasa zote. Alipotoka kunawa mikono na kurudi, kila pepo alikuwa amepewa tena herufi kubwa, na chumba kinanuka usipa, usipa waliolowa na kusahauliwa kikapuni siku tatu, wakati ofisini hapakuwa na hata mwiba wa samaki.

Mimi ningekimbia. Na wewe, usijifanye. Lakini Aloisi alilelewa kwa Wampoto, watu wa ufukwe ule, ambako mgeni hafukuzwi hata kama hakupiga hodi. Akavuta kiti cha pili, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu. Nani mwenzangu?"

Vitufe vikajipiga, polepole, kimoja kimoja, juu ya karatasi: sina jina.

"Pole," akasema Aloisi. Pole! "Basi kaa, upumzike."

Na jamani, pembeni ya mashine ilikuwepo kadi ya ubatizo ya mwanawe, mtoto wa wiki sita, mahali pa jina pakiwa patupu, kwa kuwa ubatizo ulikuwa Jumapili. Aloisi akaona karatasi ya Injili ikisukumwa nje na kadi ikivutwa ndani, na gogo likainuka lisishuke, likabaki juu kama mtu aliyesimama mlangoni akijifuta miguu, halafu herufi moja ikapiga kwa nguvu hata ikatoboa kadi, nyingine zikaifuata ndogo ndogo kama watoto nyuma ya bwana harusi, mpaka likasomeka jina ambalo yeye na mkewe walikuwa wameshauriana wawili tu, hawajamwambia mtu, na ndipo gogo lilipokaa, na harufu ya usipa ikatoka dirishani kuelekea nyumbani kwake.

Alimkuta mkewe, Kunigunda, amesimama uani, hataki kuingia ndani.

"Baba mtoto," akanong'ona, "mtoto anacheka."

"Si vizuri?"

"Hebu sikiliza."

Kikaja kicheko cha mtu mzima, kizito, chenye makohozi, na wao wakaingia wameshikana mikono, wakamkuta mtoto amelala chali, nywele zimelowa, macho yamekazwa darini, na kila alipocheka alizidi kuwa baridi, baridi ya jiwe lililotolewa chini ya maji, huku nje lile wingu la nkungu, wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, likiwa limegeuka na kuijia nyumba bila upepo.

"Huyu Jumapili hafiki," akasema Kunigunda.

Padri alikuwa bado Mbinga. Hakungojwa. Walimfunga mtoto kwenye kanga, wakashika njia ya ufukweni hadi Mbamba Bay, kwa Mwalimu Fakihi, muuza duka ambaye wazee wake walitoka Kilwa, aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya duka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmebeba ziwa?" Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kanga.

Akaisoma kadi aliyokuja nayo Aloisi, akaiweka chini haraka.

"Karani, maandishi yenu yana viti. Umemkaribisha, amekaa pa mwanao."

"Ilikuwa adabu tu, Mwalimu."

"Adabu yako itakuzikia mtoto."

Akachovya kalamu ya mwanzi. "Kwetu hakuna herufi kubwa. Hata jina la Mwenyezi Mungu huandikwa kwa herufi hizi hizi. Ukubwa Wake haukai kwenye wino. Hapa ataona pa kukaa?"

Akaandika jina la mtoto kwa Kiarabu, akalikunja ndani ya ngozi, akamvika. Kisha akaichoma kadi. Yote ikawa jivu isipokuwa ile herufi ya kwanza, iliyobaki nyeusi, ikijikunjakunja kama mdudu, mpaka Fakihi alipoikanyaga kwa kisigino. Kicheko kikasikika mara tatu: ndani ya kanga, mlangoni, kisha mbali majini. Halafu mtoto akalia, kilio cha mtoto, mwili wa moto kama mkate.

"Jina lake lisianze kwa herufi kubwa mpaka anazikwa," Fakihi akaonya. "Kile kiti mwenyewe anakijua."

Mtoto akakua. Shuleni alichapwa kila mwaka kwa kuandika jina lake vibaya, akavumilia. Akawa mchekeshaji. Ndiyo, ni mimi, meinrad, na hirizi ninayo.

Tatizo ni onyesho langu kubwa la mwaka huu. Mchapaji wa matangazo aliniuliza, "Jina tuliandikeje, mzee?"

Nikamjibu, "Lote kubwa, herufi zote saba! Lisomeke mpaka Chiwanda!"

Tangu hapo, kila onyesho, kiti kimoja cha mbele kinakuwa kitupu, kimelowa, kinanuka usipa. Na kabla sijafika penye kuchekesha, kinaanza kucheka, ukumbi mzima unakifuata.

Baba yangu alimpa mgeni kiti kimoja, kwa adabu. Mimi, kwa majivuno, nimempa saba, na kiingilio bure.