Nilijiandaa kwa Kifo Changu, Nikasahau Chake

Nina miaka hamsini na mbili, mama wa watoto watano, naishi mtaa wa Awindiri hapa mjini Arua, Uganda. Kanisani kwetu mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Ukiniona Jumapili nimekaa mstari wa mbele na kitambaa changu cheupe, utasema huyu mbinguni atapita bila kuulizwa. Ngoja basi nikusimulie!

Kaka yangu alifariki ghafla kwake Koboko, tumbo likimuuma, saa chache baada ya kula chakula cha mkewe, Kiden. Kwenye matanga uchungu ulinipanda, nikapiga kelele mbele ya ukoo wote kwamba Kiden amemtilia sumu!

Wasomaji wenzangu, nilijua si kweli. Kaka mwenyewe alikuwa amenieleza kwa siri kwamba vidonda vya tumbo vinammaliza, na daktari amemwonya. Lakini Kiden sikumpenda tangu mwanzo... Ukweli nikauficha.

Kwetu neno sumu halifutiki. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kwa Kiden. Kibanda chake cha chakula sokoni kilikufa. Majirani walikataza watoto wao hata maji ya mtungi wake. Miaka kumi na moja! Na mimi huku naongoza maombi.

Mwaka jana daktari alinikuta na uvimbe tumboni, akasema nipasuliwe. Mungu wangu, hofu niliyoipata! Nikifumba macho najiona mbele ya kiti cha hukumu, naulizwa swali moja tu. Ningejibu nini? Nikapanda gari hadi Koboko, nikapiga magoti mlangoni kwa wifi yangu, nikakiri yote.

Kiden hakufoka. Aliniinua, akaniletea ugali wa muhogo na mboga. Mkono wangu ukaganda... Mimi niliyeutunga uongo ule, nikaogopa chakula chake! Aliona. Bila neno akamega tonge, akala yeye kwanza, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo. Nililia sana.

“Dada, mimi nasamehe wewe zamani,” aliniambia. “Lakini mutu hakuna anakula hapa. Enda sema kwa kanisa, watu yote isikie. Wewe ndio ulisema, si mimi.”

Niliahidi kusema Jumapili iliyofuata, katika kanisa la pale Koboko. Jumapili ikafika, nikasema acha nipone kwanza. Nikapasuliwa, uvimbe ukaonekana si wa hatari. Basi hofu ikaondoka, na ahadi ikaondoka nayo! Mama kiongozi aaibike mbele ya watu? Nikajiambia Mungu ameshanisamehe, Kiden naye kanisamehe, ya nini kujivua nguo?

Simu ilinikuta mchana naanika muhogo. Kiden alikuwa ameanguka shambani, na hakuamka tena.

Msibani nilisimama mbele ya jeneza, nikasema ukweli wote. Watu wakanung'unika. Binti yake, Poni, akanisogelea, macho makavu.

“Shangazi,” akasema, “mama iko ndani ya sanduku. Sasa unaambia nani?”

Naogopa, wenzangu, naogopa sana... Najua damu ya Yesu inasafisha, nimewaambia hivyo akina mama mara ngapi! Lakini Kiden aliniomba kitu kimoja tu, nikamnyima kwa ajili ya kitambaa cheupe. Tukikutana huko mbele nitamtazamaje?

Ndugu zangu, nilidhani kujiandaa kwa kifo ni kuangalia siku zangu mwenyewe. Kumbe uliyemkosea naye ana siku yake, na haikungoji! Kama kuna mtu umemchafulia jina, usisubiri ugonjwa ukutishe. Nenda ukamsafishe mbele ya watu wale wale, leo hii, angali na masikio ya kusikia.