Daktari wa Nini?

Wadau, shahidi wangu mwenyewe ndiye aliyenimaliza mahakamani. Nimekaa palepale, tai imenibana, namwangalia akinizika mchana kweupe...

Hakimu alimuuliza swali jepesi tu.

"Unaitwa Dokta. Daktari wa nini?"

Dokta akatazama viatu vyake.

"Ni jina tu, mheshimiwa. Wafuasi wangu mtandaoni ndio walioniita."

Karani akainama kuficha kicheko. Mimi jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi na mama Kidoti tuliachana, tukaanza kuvutana nani akae na binti yetu wa miaka sita. Mtoto akawa hapati usingizi, anatafuna kola ya sare hadi inachanika. Mama yake akampeleka kwa mwanasaikolojia wa watoto, mama mmoja mpole mwenye miwani. Nikasema huyo kapangwa. Nikatafuta wa kwangu.

Na kwa kuchagua sijambo... Nilichagua kwa wingi wa wafuasi. Video zake zilikuwa zinaniliza hadi nalowesha mto. Sasa Dokta mzima unaanzaje kumdai cheti?

Alimwona Kidoti dakika ishirini, akaandika kurasa nne kwamba mtoto akae nami, mama yake ana roho mbaya. Dokta mwenyewe alikuwa hajawahi kumwona mama Kidoti hata kwa picha.

Hakimu akaisukuma ripoti yangu pembeni kwa kidole kimoja, akafungua ya yule mwenye miwani. Nikajua nimekwisha, humo nimechorwa shetani.

Wapi. Hakunisema vibaya hata neno. Aliandika hofu za mtoto, na kuhusu mimi mstari mmoja tu:

"Baba aliitwa mara tatu tusikie upande wake. Hakufika."

Ni kweli. Zile simu nilizikata mwenyewe, nikijiona mjanja.

Basi nawaachia hili: mtoto akiumia moyo, usimtafutie mtu wa kukushindia kesi. Uliza kasomea nini, kasajiliwa wapi, na kama atawasikiliza nyote wawili.

Kwa amri ya hakimu, mimi sasa namwona binti yangu Jumamosi, masaa mawili, ofisini kwa mwanasaikolojia, mpaka atakapomaliza kunisikiliza. Juzi nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Kidoti akamgeukia yule mwenye miwani, si mimi.

"Leo baba anaruhusiwa kunibeba?"

Nikaweka mikono mapajani, na mimi nikasubiri jibu.