Kibuyu cha Mahari ya Bénie

Célestin ni seremala wa Majengo, mjini Goma. Kuanzia asubuhi yuko na randa yake, anatengeneza milango na vitanda. Watu humwamini. Zamani hawakumwamini, kwa sababu pombe ilimlia kazi, ikamlia na heshima. Aliiacha kwa shida kubwa, na kwa miaka tisa hajaionja.

Sasa binti yake Bénie amepata mchumba. Jumamosi wakwe wataleta mahari pamoja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Kwa desturi ya familia hizo mbili, baba wa binti hunywa wa kwanza. Asipokunywa, wageni huona amewakataa.

"Funda moja tu," Célestin alimwambia mkewe, Mukamazimpaka. "Myaka kenda imepita. Mwili ilisha kusahau."

"Mwili yako ilisahau? Miye sijasahau," mkewe akajibu. "Twende kwa mama Laurence."

Laurence, jirani yao, ni muuguzi wa kituo cha afya. Walimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama Laurence, mutu mwenye aliacha pombe zamani, anaweza kunywa tena kidogo?" Célestin akauliza.

Laurence aliweka mchi chini.

"Papa Célestin, sitakudanganya. Kuko benye banakunywa funda moja na banasimama. Lakini hakuna mwenye anajua mbele kama ni yeye. Mutu mwenye pombe ilikuwa imemushika sana, mara mingi inamurudisha kwenye alitoka. Mwili inatulia, lakini kichwa inachunga ile njia. Leo funda, kesho glasi. Njia ya usalama ni kutokunywa hata kidogo."

"Na bakwe?"

"Balikuja kutafuta bibi, habakutafuta mulevi! Ubaambie mbele Jumamosi haiyafika."

Célestin aliona haya. Kumweleza mkwe udhaifu wako si jambo dogo. Hata hivyo alipanda pikipiki mpaka kwa Niyibizi, baba wa mchumba, akamwambia yote. Niyibizi akasema tu, "Nimesikia."

Jumamosi kibuyu kikaletwa mbele ya watu wote. Célestin alikitazama bila kukigusa, maana hakujua ndani mna nini. Niyibizi alionja kidogo kuthibitisha kilichomo, akasimama.

"Bazee, hii ni mutobe, maji ya ndizi yenye haiyachacha. Bamwana wangu aliacha pombe, na miye namuheshimu." Bamwana ndivyo wazazi wa bwana na bibi harusi wanavyoitana.

Célestin akanywa. Vigelegele vikapigwa, na Bénie akalia kwa furaha.

Wageni walipoanza kuondoka, Niyibizi alimvuta Célestin kando.

"Bamwana, miye nakunywa kila asubuhi, mbele ya chai. Naogopa. Niache kesho, mara moja?"

"Hapana! Usiache ghafula weye peke yako. Kwa mwenye anakunywa kila siku, ile inaweza kuleta hatari kubwa. Kwanza tuone baganga ba kituo cha afya. Nitakusindikiza."

Jumatatu asubuhi karakana ya seremala ilikuwa imefungwa. Wakwe wawili waliketi kwenye benchi moja la kituo cha afya, na Laurence alipoita jina la Niyibizi, walisimama wote wawili.